Kugawa kwa Sifuri: Lugha Ipi Inakutoza Zaidi?
Python, JavaScript, Gleam na Rust zote unazipakua bure. Bei yake huja baadaye, siku programu inapoambiwa igawe kwa sifuri. Chukua ripoti ya duka inayogawa mauzo ya siku kwa idadi ya wateja. Jumapili duka limefungwa: mauzo 0, wateja 0.

Python husimama papo hapo, ikatoa kosa la ZeroDivisionError na kukutajia mstari wenye tatizo. Ripoti haitoki na mwenye duka atapiga simu akilalamika, lakini unaongeza sharti moja na kazi imekwisha. Hifadhidata ya PostgreSQL nayo hugoma vivyo hivyo.

JavaScript haigomi. Kwa namba zake za kawaida hufuata kanuni za IEEE 754 za mwaka 1985: 5 kwa 0 ni Infinity, 0 kwa 0 ni NaN, yaani jibu lisilo namba. Ukijumlisha NaN ya Jumapili na wastani wa siku nyingine, wiki nzima inageuka NaN. Ukiituma kwa JSON, inafika upande wa pili ikiwa null. Anayeipokea hawezi kujua kama duka lilifungwa au data ilipotea njiani, na fundi atalipwa siku nzima kuisaka ilikoanzia.

Gleam hujibu 0. Kimahesabu uamuzi huo unateteka, na lugha yenyewe inakupa int.divide inayokulazimisha kushughulikia sifuri. Ila kwa hesabu za fedha, alama ya / peke yake naiona ghali kuliko zote: wastani wa 0 unafanana kabisa na wa siku ambayo wateja waliingia wakatoka mikono mitupu. Hakuna atakayeshtuka.

Hata hivyo, kusimama si salama kila mahali. Septemba 1997, sifuri iliyoingizwa kwenye hifadhidata ya manowari ya Marekani, USS Yorktown, iliangusha mfumo, na meli ikakaa baharini bila nguvu ya kwenda kwa zaidi ya saa mbili. Kwa mitambo ya namna hiyo ningechukua Rust na checked_div yake, inayokutaka useme mapema sifuri ikija ifanyweje.

Kwa ripoti za duka, Python inatosha. Kama tayari uko kwenye JavaScript, usihame. Pitisha kila jibu kwenye Number.isFinite kabla ya kulihifadhi.