Usishikwe na Jina ya Fesilifti, Uliza Daki Anashika Wapi

Mwezi wa tano 2025 picha za Kris Jenner zilitoka na mtandao ikawaka. Mathe ya kina Kardashian alikuwa 69, na sura ilikuwa imerudi nyuma miaka mob. Watu wake wakamtaja daki, Steven Levine wa New York, na baadaye Kris mwenyewe akafunguka kwa Vogue Arabia: alikuwa ameshafanya fesilifti miaka kama 15 nyuma, na hii ilikuwa ya kuiburudisha. TikTok ikajaa wasee wanachora mishale kwa hizo picha, kila mtu akiapa anajua mbinu yenye ilitumika. Dip-pleni. SMAS. Poniteli. Mini. Na madem wa 24 hapa Nairobi, wenye hawana hata kunyanzi moja, wakaanza kuuliza ni ngapi.

Mi siko hapa kumshika mtu kwa koo ju anataka kupeleka sura kwa kisu. Ni uso yako na ni ganji yako. Namrespect mtu kama Marc Jacobs, yule disaina wa Marekani, ju 2021 alipost sura yake ikiwa imefungwa mabandeji akasema wazi amefanya fesilifti. Kuficha ndio hufanya watoi waamini kuna watu huzeeka bila kuzeeka. Chenye kinanikera ni venye wasee wanachagua operesheni ju ya jina yenye wameskia kwa rili, na jina haikuambii daki ataingia wapi na atashika nini. Hiyo ndio swali.

Basi tuingie ndani. Ukitoka kwa ngozi unapata mafuta kiasi, halafu unapata tabaka flani ngumu yenye imeshikana na misuli za uso na inashuka mpaka kwa msuli ya shingo, platizma. Hiyo tabaka ndio SMAS. Madaki wawili wa Paris, Vladimir Mitz na Martine Peyronie, waliieleza 1976 na ikabadilisha kazi yote. Kabla ya hapo, kuanzia miaka za kwanza za karne ya 20, fesilifti kwa kawaida ilikuwa ni ngozi tu: kata karibu na sikio, vuta, toa yenye imezidi, shona. Suzanne Noël, mmoja wa wanawake wa kwanza kwa hii kazi, aliifanya sana Paris, na wateja wake wengi walikuwa wamama wa kujitafutia wenye waliogopa kufutwa job ju wameanza kukaa wazee. Hawakuwa wanatafuta laiki. Walikuwa wanatafuta unga.

Shida ya ngozi ni moja: kazi yake si kubeba mzigo. Fundi wa viti wa Gikomba anajua hii maneno vizuri, sponji ikishalala unaweza vuta kitambaa mpaka mshono uraruke na kiti haitainuka. Uso wenye umevutwa ngozi peke yake hukaa ni kama mtu amesimama mbele ya upepo, alama ya kisu inapanuka, ndewe ya sikio inavutwa chini, na baada ya muda mfupi mashavu zinarudi zilikotoka. Daki akikuambia leo atavuta ngozi tu na hakuna kingine, mimi ningeshukuru nitoke.

Kwa hivyo karibu kila mbinu ya maana siku hizi inashika SMAS. Tofauti ni venye inaishika. Kuna wenye wanaikunja juu yake yenyewe na kuishona bila kuingia chini yake. Kuna wenye wanakata ukanda mwembamba wa hiyo SMAS kando ya shavu, halafu wanaunganisha pande mbili, mashavu yanapanda. Hizi ziko fiti kwa mtu mwenye shida yake kubwa ni hapa chini, kwa taya, penye nyama imeanza kuninginia. Halafu iko ile ya Wabelgiji, Patrick Tonnard na Alexis Verpaele wa Ghent, yenye huitwa MACS: kidonda ni fupi, inabaki mbele ya sikio bila kuzunguka nyuma, na nyuzi ngumu zinapitishwa ndani ya SMAS na kufungwa juu karibu na panja, ndio uso uvutwe kuenda juu badala ya kuenda nyuma kwa sikio. Inapona mbio kiasi. Lakini kama shingo ndio imelegea sana, hiyo kidonda fupi haitaifikia vizuri. Ukiskia mtu anauza "mini" ujue hakuna sheria yoyote inasema mini ni nini. Kwa daki mmoja ni MACS safi, kwa mwingine ni ngozi imevutwa kidogo na ukapewa bili.

Sasa dip-pleni, yenye kila mtu anaitaka. Tord Skoog wa Sweden aliandika 1974 venye unaweza inua ngozi na hiyo tabaka pamoja bila kuzitenganisha, halafu Sam Hamra wa Dallas akaisukuma mbele na 1990 akaipea jina. Hapa daki anapita chini ya SMAS kabisa. Uso wako umefungwa kwa mfupa na kwa misuli na kamba ndogo ngumu, zingine chini ya jicho kwa mfupa wa shavu, zingine kando ya msuli wa kutafuna. Dip-pleni inaachilia hizo kamba, ndio shavu yote isonge kama kitu moja. Ngozi inabaki imeshikana na nyama yake, damu inaipitia poa, na mshono hauvutwi na mzigo wote. Kwa mtu mwenye shavu imeshuka katikati na ule mstari wa kutoka pua kuja mdomo umekuwa mtaro, hii inaweza fanya kazi yenye zingine hazifiki.

Lakini huko chini ndiko neva za uso zinapita. Hizo ndizo zinakuwezesha kufunga jicho, kuinua nyusi, kucheka na pande zote mbili. Kuumia milele ni nadra, chini ya mtu 1 kwa 100, na hiyo ni kwa mikono yenye imefanya hii kitu miaka. Kwa mikono ya mtu wa kozi ya wikendi mimi siezi kukuahidi hivyo. Na neva yenye hugongwa mara nyingi kwa fesilifti zote si hata hizo, ni ile ya kuskia mguso kwenye sikio, unabaki sikio imekufa ganzi miezi, saa zingine milele.

Kuna utafiti mmoja naupenda sana kwa hii mjadala. Marekani walichukua jozi mbili za mapacha wa kufanana kabisa, wakapeana kila pacha kwa daki tofauti. Watu wanne, madaki wanne, mbinu nne, na Hamra alikuwa mmoja wa hao madaki. Wakapiga picha baada ya mwaka 1, miaka 6 na miaka 10, na matokeo ikachapishwa 2009. Wewe ungedhani hapo ndio tungejua nani mnoma. Hakuna mbinu iliangusha zingine. Watu wanne ni wachache, sawa, lakini damu ni moja na sura ni moja, na bado madaki waliangalia hizo picha wakabaki wanabishana. Mimi napata rada moja hapo: mkono wa mtu anayeijua mbinu yake vizuri unashinda jina kubwa kwa mkono wa mtu anaijaribu kwako.

Nyuzi za kudungwa na sindano, zile zenye meno, wacha nisizikalie sana. Hazikati kitu, hazitoi ngozi yenye imezidi, na zile za kuyeyuka huisha ndani ya miezi. Si fesilifti.

Na kuna vitu fesilifti haigusi hata ikiwa ya nani. Madoa, mashimo ya chunusi, mistari za juu ya mdomo, mafuta yenye yameisha. Mtu amekonda mbio ju ya zile sindano za kupunguza mwili, uso unabaki umezama, na kuvuta peke yake kunaweza mfanya akae mgonjwa zaidi. Huyo mara nyingi anahitaji kurudishiwa mafuta, yake mwenyewe kutoka tumboni. Sisi watu weusi tuko na melanin inatukinga na jua, kunyanzi ndogo huchelewa, uso wetu huanza kuzeeka kwa kushuka na kupungua nyama hapa katikati. Kwa hivyo kama uko 25 na unaona mashavu "imeshuka", chances ni umeona kamera ya mbele imewekwa karibu sana.

Sasa mambo ya ngozi yetu, na hapa ndio naomba uskize. Kidonda cha fesilifti kinazunguka sikio, na sikio ndio moja ya mahali keloidi hupenda sana kwa watu wetu. Kama ulitoboa ukapata keloidi, ama mtu wa damu yako anazo, hiyo stori inabadilisha kila kitu, kuanzia urefu wa kidonda mpaka kama ufanye kabisa.

Halafu mafuta za kujiwhitenisha. Mkorogo wa River Road wenye uko na steroidi huifanya ngozi nyembamba kama uliutumia miaka, na ngozi kama hiyo inashika nyuzi vibaya na inapona polepole. Nikotini nayo hubana mishipa ya damu, ngozi nyuma ya sikio inaweza kufa ikawa nyeusi, haijalishi ni sigara, shisha ama vepu. Madaki wengi wanataka uache wiki 4 kabla. Miraa hupandisha presha, na presha ikiwa juu ndio damu hujikusanya chini ya ngozi, ile shida yenye hutokea zaidi kwa fesilifti, na wanaume huipata kuliko madem. Mara mob hutokea ndani ya saa 24 za kwanza, na inataka urudishwe theatre mbio. Ndio maana ofa ya Istanbul ya kukatwa Alhamisi na kupanda ndege Jumamosi mi naiogopa. Hapa nyumbani pia cheki kama daki ako na leseni ya KMPDC, baraza la kusimamia madaki Kenya, na kama ni mpasuaji wa plastiki kweli, na nani anakupea nusu kaputi. Mwaka 2024 mathe mmoja aliaga baada ya kutolewa mafuta kwa kliniki ya urembo hapa Nairobi, na KMPDC ikaifunga.

Ukishaketi mbele ya daki, muulize atapita juu ya SMAS ama chini yake, amefanya ngapi za hiyo aina, na akuonyeshe picha za watu wa rangi yako, za mwaka mzima baadaye, nywele zikiwa zimefungwa nyuma ndio masikio yaonekane. Yeye pia atakuuliza maswali. Mwambie ukweli yote, mkorogo, vepu, miraa, zile fila ulidungwa kwa saluni. Kama umeenda na mathe na hajui izo vitu, muombe atoke nje kwanza.