Umeumia kichwa? Usikimbilie fidia

KIJANA wa miaka 24 aliletwa kwangu mjini Garissa na mamake, miezi minne baada ya kugongwa na gari akiendesha bodaboda. Kidonda kilikuwa kimepona, limebaki kovu dogo juu ya sikio. Lakini mama alilia kwamba huyu si mwanawe anayemjua. Aliyekuwa mpole sasa alifoka kwa jambo dogo, alishindwa kuhesabu chenji dukani, na mara mbili alikuwa ameanguka na kutokwa na povu mdomoni.

Nilipouliza habari ya kesi, niliambiwa ilikwisha. Wazee wa pande mbili waliketi wiki ya pili baada ya ajali, wakafanya maslaha, na jamaa wakapokea pesa za kidonda. Karatasi ya mahali alikotibiwa kwanza ilikuwa na mstari mmoja tu: mkato kichwani, nyuzi sita. Hakuna aliyeandika kama alizirai, wala kwa muda gani.

Jeraha lisiloonekana

Ubongo ni laini, nao umo ndani ya fuvu gumu. Kichwa kinapogonga lami, ubongo hutikisika na nyuzi zake ndogo hukatika, hata fuvu lisipovunjika. Picha ya skani huonyesha vizuri damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, lakini nyuzi hizo zaweza kukatika na picha ikatoka safi. Isitoshe, damu yaweza kuvuja polepole, hasa kwa wazee, ikajulikana wiki kadhaa baadaye. Kifafa nacho chaweza kuanza baada ya miezi, hata miaka.

Basi wakili wa kampuni ya bima akimwuliza daktari kortini, "Picha ni safi, ugonjwa uko wapi?" jibu hutafutwa katika maandishi ya saa za kwanza. Mwaka 1974, madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett wa Glasgow, Uskoti, walitoa kipimo cha fahamu kinachotumiwa hadi leo. Hutazamwa mambo matatu: mgonjwa anavyofumbua macho, anavyosema na anavyosogeza viungo. Mwenye fahamu kamili hupata alama 15, na ya chini kabisa ni 3. Alama 8 kushuka chini ni jeraha kali. Kipimo hiki hakihitaji mashine wala umeme. Muuguzi wa zahanati iliyo mbali kabisa aweza kukifanya kwa dakika chache, akaandika alama na saa.

Shida ni kwamba mgonjwa wetu huhamishwa kutoka zahanati hadi Garissa, pengine hadi Nairobi, na karatasi ya kwanza hupotea njiani. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Maslaha na mahakama

Sisemi maslaha ni mabaya. Ibara ya 159 ya Katiba ya 2010 inatambua njia za jadi za kusuluhisha mizozo, na mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa diya. Ubaya ni haraka.

Hata vitabu vya fiqhi havikupima kichwa kwa nyuzi. Jeraha linalofichua mfupa ni ngamia 5, linalovunja mfupa 10, linalousogeza mfupa 15, na linalofika kwenye utando wa ubongo ni thuluthi ya diya ya ngamia 100. Lakini akili ikipotea, ni diya kamili, hata kama kidonda ni kidogo. Tena wanazuoni wengi waliona heri kungoja jeraha lipone kabla ya kuhukumu.

Mahakama nayo hutoa fidia mara moja tu. Huwezi kurudi kifafa kikianza. Kwa kawaida sheria ya Kenya inakupa miaka 3 ya kufungua madai ya kuumizwa, lakini likiwa gari la Serikali ni miezi 12 tu. Kampuni ya bima nayo yapaswa kuarifiwa kabla ya kesi kufunguliwa au ndani ya siku 30 baada ya kufunguliwa.

Fanya hivi

Ripoti ajali kwa polisi na uchukue fomu ya P3. Ikijazwa siku ya pili, mwambie daktari aandike kwamba hali ya ubongo bado inachunguzwa. Omba nakala ya kila karatasi, hasa ile ya kwanza, uihifadhi nyumbani. Jamaa waandike tarehe za kuanguka, kusahau na kubadilika tabia. Mwajiri au mwalimu aeleze mtu alivyokuwa kabla. Mgonjwa apimwe tena baada ya miezi 3, kisha 6. Wazee wakiketi mapema, na walipe gharama ya matibabu kwanza, diya ingoje.

Mgonjwa akizidi kuumwa na kichwa, akitapika au akisinzia ovyo, mrudishe hospitali siku hiyo hiyo. Uhai kwanza, madai baadaye.

Kuhusu yule kijana, niliandika ripoti ya kurasa mbili. Upande wa pili ulijibu kwamba neno lilikwisha. Dawa za kifafa anameza kila siku, na anayezinunua ni mamake.