Kwa nini leseni ya Babati huishiwa nguvu Oslo

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, mkoani Manyara, ilianzishwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norwei, na tangu wakati huo madaktari, wauguzi na mafundi wa nchi hiyo wamekuwa wakipishana na ng'ombe na malori katika njia za Dongobesh na Mbulu mjini. Upande wa Hanang walikuja Wakanada. Miaka ya 1970 na 1980 wataalamu wao walikaa Basotu kwenye mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, mradi uliowaachia Wabarabaig jeraha la ardhi ambalo linastahili makala yake peke yake. Mgeni wa namna hiyo akitaka kushika usukani huku, huanza kwa kuipeleka leseni ya kwao kwa trafiki ihakikiwe, kisha hufuata malipo na kadi ya TRA. Kwa kawaida harudishwi shule ya udereva kana kwamba hajawahi kukanyaga klachi. Sasa tuigeuze safari. Muuguzi wa Mbulu anayehamia Oslo, au fundi wa Katesh anayehamia Toronto, hukuta kadi yake ya Tanzania imehesabiwa siku za kuishi. Zikiisha, anakaa darasani na vijana wa miaka kumi na minane. Wengi wetu hulipokea jambo hili kama dharau. Mimi naona lina chanzo kingine, na tukikijua chanzo hicho tutajua pia nani wa kumdai.

Leseni ni neno la serikali kuhusu mtu. Inasema: huyu tumempima, tunamdhamini. Nje ya mipaka, neno hilo lina uzito kwa kadiri serikali nyingine inavyomwamini msemaji. Mikataba ya kimataifa ya usafiri wa barabarani, wa Paris wa 1926, wa Geneva wa 1949 na wa Vienna wa 1968, ilitungwa kumrahisishia njia msafiri anayepita na kurudi kwao. Aliyehamia haikumlenga. Ndiyo maana Mtanzania aliyekwenda kutembea huachwa aendeshe, na Mtanzania yule yule akishapata kibali cha kuishi saa inaanza kugonga: Ontario, jimbo ulipo mji wa Toronto, humpa siku 60, Norwei miezi mitatu, Ujerumani miezi sita, Uingereza miezi kumi na miwili. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sheria za leseni zimeshika kanuni hiyo hiyo, ila kila nchi imejichagulia siku yake ya tatu. Hapa pia ndipo watu wanapoliwa fedha mtandaoni kwa kuuziwa kijitabu kinachoitwa leseni ya kimataifa. Kibali cha kimataifa cha udereva ni tafsiri ya leseni uliyo nayo, hakisimami bila hiyo leseni, na hakiongezi hata siku moja kwa mtu aliyekwishakuwa mkazi.

Muda huo ukiisha, kinachoamua ni orodha. Uingereza ina orodha ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa bila mtihani, na sheria yake ya barabara ya mwaka 1988 inamtaka waziri ajiridhishe kwanza kwamba nchi husika ina utaratibu wa kuridhisha wa kutoa leseni. Afrika Kusini na Zimbabwe zimo. Tanzania haimo. Ujerumani nayo ina orodha yake. Afrika Kusini na Namibia zimo, sisi hatumo. Ontario ina makubaliano na Japani, Korea Kusini, Uswisi, Ufaransa na nchi nyingine kadhaa; Tanzania haimo. Anayetoka nchi isiyo kwenye orodha ya Ujerumani husamehewa masomo ya lazima lakini hufanya mitihani yote miwili, wa nadharia na wa vitendo, na ule wa nadharia hutolewa kwa Kijerumani na lugha nyingine kumi na mbili, zikiwemo Kiarabu na Kituruki. Kiswahili hakimo. Kwa mtu aliyejifunza alama za barabarani kwa Kiswahili, Babati au Katesh, mtihani huo unampima lugha kabla haujampima udereva.

Wapo watakaosema orodha hizi ni za haki kwa sababu barabara hazifanani. Norwei ina theluji na barafu, na mwanafunzi wa huko hulazimika kupita kozi ya kuendesha kwenye utelezi. Hoja hii ina uzito, na siidharau. Dereva aliyezoea tope la mfinyanzi la masika katika milima ya Mbulu anajua gari linapoteleza, ila hajui barafu isiyoonekana juu ya lami usiku. Lakini kama hali ya hewa ndiyo kipimo, mbona Mwaustralia akihamia Norwei anatakiwa kufanya mtihani wa vitendo peke yake? Theluji ya Australia iko kwenye milima michache ambayo madereva wake wengi hawaioni mwaka mzima. Na upande wa barabara? Uingereza huendesha kushoto kama sisi, usukani wao uko kulia kama wetu, na bado dereva wetu anarudi kwenye leseni ya kujifunzia, huku wa Korea Kusini na Uswisi, waliozoea upande wa kulia tangu siku ya kwanza, wakibadilishiwa kadi kwa posta. Tofauti ya barabara haiwezi kuwa ndiyo iliyopanga orodha hiyo.

Pingamizi la pili linauma zaidi kwa sababu lina ukweli ndani yake. Linasema: Watanzania wenyewe hawaziamini leseni zao. Utaratibu ulioandikwa ni mzuri. Mwombaji hupata leseni ya kujifunzia, husoma shule ya udereva, hupimwa na trafiki na kupewa cheti cha umahiri, ndipo TRA hutoa kadi yenye daraja lake, A kwa pikipiki, B kwa gari dogo la binafsi, C kwa magari ya abiria. Lakini kila aliyekaa stendi anajua kwamba wapo waliofika kwenye kadi bila kupita kote huko, na kwamba bodaboda wengi wa vijijini hawana kadi kabisa. Hili si jambo la kuficha mbele ya wageni. Kijana anayenunua leseni bila kupimwa hahatarishi abiria wake tu, anapunguza pia thamani ya kadi ya muuguzi aliyesoma, akapimwa na kufaulu. Mkaguzi wa nchi za nje hana njia ya kuwatenganisha hao wawili, kwa hiyo anawapima wote upya. Kwa upande wake amefanya jambo la busara.

Hata hivyo pingamizi hilo haliielezi orodha nzima. Afrika Kusini hupoteza watu zaidi ya elfu kumi kwa mwaka katika ajali za barabarani, na rushwa kwenye vituo vyake vya kupima madereva imeandikwa magazetini mara nyingi. Bado kadi yake inapokelewa London na Berlin. Falme za Kiarabu, Ukraine na Taiwan ziliingia kwenye orodha ya Uingereza mwaka 2021, na barabara zao hazikugeuka kuwa za Uingereza kwa usiku mmoja. Kilichobadilika ni kwamba utaratibu wao wa kupima madereva uliwekwa mezani, ukakaguliwa, ukakubaliwa. Orodha hizi hazishuki zenyewe kama mvua. Huingia nchi ambayo serikali yake imepeleka mitaala, viwango vya mtihani, alama za usalama za kadi na njia ya kuhakiki kila namba, kisha ikafuatilia barua zake mpaka mwisho.

Tanzania haianzii patupu. Kadi za kielektroniki tunazo tangu 2010, na mwaka 2019 muda wake uliongezwa kutoka miaka mitatu hadi mitano. Deni la faini za barabarani linaweza kutazamwa kwa namba ya leseni kwenye mfumo wa polisi, maana yake rejesta ipo na inasomeka. Dereva wa lori huvuka Namanga kwenda Nairobi, au Tunduma kwenda Zambia, kwa leseni hiyo hiyo, kwa sababu ndani ya Afrika Mashariki na SADC nchi zilikaa zikakubaliana. Kwa hiyo kukubaliana tunakujua. Ninachokidai ni kwamba kazi hiyo ifanywe pia na nchi ambazo watu wetu wanaishi, na ianzie pale ambapo historia inatupa haki ya kuuliza. Norwei imewatuma watu wake Mbulu tangu mwaka 1955, na Kanada ililima Hanang kwa zaidi ya miaka ishirini. Ubalozi wetu unaweza kuuliza kwa adabu kabisa: leseni zenu tulizipokea Haydom na Basotu, mnahitaji kuona nini ili mzipokee zetu? Jibu likija likasema mtihani wenu hauna kumbukumbu, basi tutakuwa tumepata orodha ya kazi ya kufanya Babati na Katesh, ambayo itawafaa pia abiria wa Noah za Dareda ambao hawatapanda ndege maisha yao yote.

Wengine wataona haya ni mambo madogo, kwamba mtihani unafanywa mara moja na maisha yanaendelea. Kwa anayeishi katikati ya Oslo, karibu na treni, ni kweli. Lakini kazi nyingi za watu wetu ziko mbali na treni: kuhudumia wazee majumbani, usafi wa alfajiri, maghala ya pembezoni mwa miji. Tangazo la kazi ya aina hiyo mara nyingi huanza kwa kudai leseni. Gharama ya masomo ya udereva Norwei ni kubwa hata kwa mshahara wa huko, na kila mwezi anaosubiri mtu ni mwezi wa kutotuma kitu nyumbani.

Mpaka serikali zikubaliane, ipo njia ndogo ambayo wengi huikosa kwa kutojua. Ontario haibadilishi leseni ya Tanzania, lakini huhesabu miaka uliyoendesha. Kwa kauli yako mwenyewe unaweza kukubaliwa hadi miezi kumi na miwili. Ukitaka zaidi, lazima ulete barua ya uthibitisho kutoka kwa mamlaka iliyotoa leseni au ubalozi, na mwenye uzoefu uliothibitishwa wa miaka miwili au zaidi, akishafaulu macho na nadharia, huruhusiwa kwenda moja kwa moja kwenye mtihani wa barabarani wa daraja kamili. Asiye na barua huingia ngazi za wanaoanza, ambazo huchukua muda mrefu. Aliyehuisha kadi karibuni asiitegemee kadi hiyo peke yake kueleza alianza lini kuendesha. Barua itaje tarehe ya leseni ya kwanza, madaraja yote, na majina matatu kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, maana jina la nyumbani la Kiiraqw lililoandikwa kwa namna mbili tofauti hutosha kurudisha faili mwanzo. Mwenye safari aiombe barua hiyo TRA akiwa bado Manyara, kabla hajauza pikipiki yake na kuaga.