Anayeandika kuhusu ngozi asipoteze maneno ya mwenye ngozi

MARA kwa mara wataalamu wa afya wanaohudumu katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri hadi hapa Nanyuki, huniuliza swali moja: makala kuhusu magonjwa ya ngozi huandaliwaje hadi jarida la kitaaluma liyakubali? Huenda msomaji akashangaa kwamba swali hili linamwendea mwalimu wa lugha badala ya daktari bingwa. Mimi sishangai. Ngozi huonekana kwa macho, lakini ugonjwa wake huanza kwa kusimuliwa.

Mgonjwa anayeingia kliniki Nanyuki husimulia kwa Kiswahili. Wakati mwingine nyanya aliyetoka Mukogodo husimulia kwa Kimaasai, mjukuu akamfasiria daktari kwa Kiswahili, kisha daktari akaandika faili kwa Kiingereza. Miezi sita baadaye faili hiyo inageuka makala, na makala hayo yanasomwa Oslo au Chicago. Hapo maneno yamevuka mito miwili, na hakuna aliyehesabu yaliyosombwa na maji. Makala yakikataliwa kwa sababu hiyo, hasara ni ya mwandishi. Yakikubaliwa yakiwa na kosa ndani yake, hasara ni ya wagonjwa wengine watakaotibiwa kwa kuyategemea.

Leo basi ninakusudia kueleza hatua za kuandaa na kuwasilisha makala ya aina hii. Zile za kawaida nitazipitia upesi, nitue pale penye uzito.

Hatua ya kwanza ni kujua unachoandika. Yapo makala ya utafiti asilia, yapo mapitio ya tafiti zilizotangulia, na yapo maelezo ya kisa cha mgonjwa mmoja. Haya ya mwisho ndiyo yanayomfaa anayeanza, na tangu 2013 kuna mwongozo wa kimataifa wa kuyaandika unaoitwa CARE. Kwa utafiti asilia, muundo ni ule ule unaotumika kote katika tiba: utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala, huku ikisiri ikitangulia. Kanuni za jumla zilianza kuwekwa mwaka 1978, wahariri wa majarida ya tiba walipokutana mjini Vancouver, Kanada. Hadi leo kamati iliyotokana na mkutano huo, ICMJE, huzirekebisha kila mara. Zisome bure mtandaoni. Kisha soma maagizo ya jarida lenyewe, neno kwa neno. Likisema ikisiri isizidi maneno 250, usipeleke 300 ukitumaini kwamba mhariri ana moyo mzuri.

Kuchagua jarida nako kunahitaji macho. Majarida ya kilaghai ni mengi siku hizi. Utayatambua kwa dalili: yanakuandikia barua ya kukusifu hata kabla hujaandika, yanaahidi kuchapisha baada ya siku chache, na ada hutajwa mwishoni kama bili ya hoteli. Angalia kama jarida limo katika orodha inayoaminika kama DOAJ, iliyoanzishwa 2003. Na kabla ya kulipa chochote, uliza kama kuna punguzo kwa waandishi wa nchi kama yetu. Majarida mengi makubwa huwa nalo, ila mara nyingi halitolewi kwa asiyeuliza.

Hayo yote utayapata katika mwongozo wowote. Sasa hebu tuingie penye uzito.

Chukua neno *funza*. Mtu wa Nyeri, Murang'a au Laikipia akisema ana funza miguuni, kila Mkenya anaelewa: ni yule kiroboto mdogo anayejichimbia ndani ya ngozi na kutaga mayai, ambaye Wakikuyu humwita *ndutu*. Lakini fungua kamusi. Utakuta kwamba funza ni pia buu, yaani kiluwiluwi cha nzi kinachoonekana kwenye nyama iliyooza au kidonda kilichopuuzwa. Hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa, yenye visababishi tofauti na tiba tofauti. Mtafiti aliyefungua kamusi, au programu ya tafsiri, akaandika neno la kwanza aliloliona, amebadilisha ugonjwa bila kumgusa mgonjwa. Kwingineko, hasa Tanzania, utasikia pia *tekenya*. Jambo hili lina uzito kwa sababu baadhi ya wahudumu wa ngozi wa eneo hili la Afrika wamepitia kituo cha mafunzo kilichoko katika hospitali ya KCMC, Moshi, kinachofundisha tangu 1992. Afisa aliyejifunzia Moshi akirudi kufanya kazi Nanyuki, hana budi kujua kwamba Kiswahili cha wagonjwa wake hakifanani chote.

Chukua pia *upele*. Katika kamusi, upele ni ugonjwa maalumu unaoletwa na utitiri anayechimba ngozi, ugonjwa unaowasha zaidi usiku na kuambukiza nyumba nzima. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017. Lakini mitaani, upele ni kitu chochote kilichojitokeza juu ya ngozi. Mama akisema "mtoto ana upele", hajatoa jina la ugonjwa. Ametaja tu alichokiona. Mtafiti akihesabu kauli kama hizo na kuziweka kwenye jedwali chini ya ugonjwa wa upele, jedwali hilo limeharibika tangu safu ya kwanza.

Kitenzi *kuwasha* ndicho kigumu kuliko vyote. Pilipili huwasha. Upupu huwasha. Moto nao tunauwasha. Mgonjwa akisema "inaniwasha", je, anatamani kujikuna, au anahisi kama amemwagiwa maji moto? Kwa daktari, tofauti hiyo ni kubwa. Ukurutu humfanya mtu ajikune. Mkanda wa jeshi mara nyingi huanza kwa maumivu ya kuchoma kabla hata lengelenge halijatokea. Mwaka 1994 Finlay na Khan wa Cardiff, Wales, walichapisha hojaji ya maswali 10 ya kupima jinsi ugonjwa wa ngozi unavyoathiri maisha ya mtu, na leo hojaji hiyo imeenea dunia nzima. Swali lake la kwanza linataja mwasho, kidonda, maumivu na kuchoma pamoja. Anayelitafsiri kwa Kiswahili analazimika kuchagua: kuwasha, kuuma, kuchoma, kuchomachoma? Ndiyo maana hojaji kama hizi hazitafsiriwi na mtu mmoja jioni moja. Mmoja hutafsiri, mwingine ambaye hajaona swali asilia huirudisha tafsiri hiyo kwa Kiingereza, kisha matini mbili zinalinganishwa. Kama ulitumia hojaji ya Kiswahili, sema katika sehemu ya mbinu ni nani aliyeitafsiri na kwa utaratibu gani.

Halafu kuna *mkorogo*. Mgonjwa aliyejichubua uso akikuambia "nilipaka mkorogo", neno hilo limebeba habari nzima. Linasema kwamba dawa kadhaa zilichanganywa, kwamba aliyechanganya huenda ni muuzaji wa duka la vipodozi, na kwamba hakuna lebo ya kuonyesha kilichomo. Makala yakisema tu kwamba mgonjwa alitumia "krimu", habari yote imepotea. Msomaji wa ng'ambo atadhani ni krimu moja yenye jina na kiwango. Hapa ushauri wangu ni rahisi: liache neno la mgonjwa kama lilivyo, kwa herufi za italiki, kisha lifafanue kwa sentensi moja. Wahariri hawalikatai neno geni lililofafanuliwa. Wanalolikataa ni lile lisiloeleweka.

Na rangi? Vitabu vingi vya tiba vya Ulaya na Marekani vilijengwa juu ya ngozi nyeupe. Hata kipimo maarufu cha aina za ngozi, alichokibuni Fitzpatrick mwaka 1975, kilianza na ngozi nyeupe. Ngozi nyeusi iliongezwa baadaye. Matokeo yake, mwandishi wetu huandika "wekundu" kwa sababu kitabu kimesema wekundu, ilhali juu ya ngozi aliyoitazama kwa macho yake aliona weusi uliokolea, au rangi ya zambarau, au kijivu. Tena kwa Kiswahili, hasa cha pwani, "mtu mwekundu" ni mtu wa rangi nyeupe kidogo, hana ugonjwa wowote. Andika ulichokiona, bwana! Kiswahili kina utajiri wa kutaja rangi kwa kuzilinganisha na vitu: maji ya kunde, majivu, udongo, zambarau. Ukisema baka lilikuwa jeusi kuliko ngozi iliyolizunguka, umemsaidia daktari wa Kisumu na wa London kwa pamoja. Vilevile taja mazingira. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Ikweta inapita pembeni mwake. Usipoeleza hivyo, msomaji wa mbali hataelewa ni vipi mji wenye baridi ya asubuhi una jua linalounguza ngozi ya mtu mwenye ualbino.

Nimesema mtu mwenye ualbino kwa makusudi. Neno *zeruzeru* ni la kudhalilisha, na *mkoma* humgeuza mtu kuwa ugonjwa wake. Lugha ya kitaaluma imekwisha kulitambua jambo hili. Novemba 2022, WHO lilitangaza jina *mpox* ili kuachana na jina la awali lililohusisha ugonjwa huo na nyani na kuchochea unyanyapaa. Mwandishi akinukuu maneno ya mgonjwa, ayanukuu kwa uaminifu. Yeye mwenyewe akiandika, achague maneno ambayo angeweza kumsomea mgonjwa huyo bila kuona haya.

Jambo hilo linatufikisha kwenye ridhaa. Makala ya ngozi huhitaji picha, na picha ni uso, mkono, au sehemu ya siri ya mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazitambua taarifa za afya kuwa nyeti. Kanuni za ICMJE zinasema wazi kwamba kuziba macho kwa mstari mweusi hakutoshi kumficha mtu. Tena Nanyuki ni mji mdogo! Kovu shingoni, shanga mkononi, ukuta wa nyumba nyuma ya mgonjwa: jirani atamjua.

Sasa jiulize: fomu ya ridhaa aliyotia sahihi mgonjwa iliandikwa kwa lugha gani? Nimeziona fomu za Kiingereza cha kisheria zikiwa na alama ya kidole gumba chini yake. Hiyo ni wino tu juu ya karatasi. Ibara ya 7 ya Katiba inakifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi, kwa hivyo hakuna kisingizio cha kutokuwa na fomu ya Kiswahili sanifu na chepesi. Mgonjwa aelezwe kwamba picha itachapishwa, kwamba yeyote mwenye intaneti anaweza kuiona, kwamba ikishatoka haiwezi kurudishwa yote, na kwamba akikataa atatibiwa vile vile. Kama hajui Kiswahili vizuri, aelezwe kwa lugha yake na mtu asiye na haja ya kumpendeza daktari. Mjukuu aliyemleta nyanya hospitalini si mkalimani wa mambo ya siri. Kibali cha kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI pia vitangulie utafiti, visifuate.

Makala yakiwa tayari, andika barua fupi kwa mhariri. Eleza unachosema ambacho hakijasemwa, na uthibitishe kwamba makala hayako mezani kwa jarida jingine, kwa sababu kupeleka kwa majarida mawili kwa wakati mmoja ni utovu wa maadili. Orodha ya waandishi iwe ya waliofanya kazi. ICMJE hudai kwamba kila anayetajwa awe amechangia utafiti, ameshiriki kuandika au kusahihisha, ameidhinisha nakala ya mwisho, na yuko tayari kuwajibika. Mkuu wa idara aliyetoa ufunguo wa ofisi tu anastahili shukrani, si jina juu ya makala. Muuguzi aliyefasiri mahojiano 200 kutoka Kimaasai naye ashirikishwe katika kuandika, ili afikie vigezo hivyo, badala ya kuachwa nje na kusahaulika.

Maoni ya wahakiki yakirudi, usikasirike. Yajibu moja baada ya jingine, ukitaja ukurasa uliorekebisha. Mhakiki akikuagiza uondoe maneno ya Kiswahili kwa kuwa "hayaeleweki", mjibu kwa heshima na uongeze ufafanuzi, lakini usiyaondoe. Hayo ndiyo data.

Mwisho, andika pia ikisiri ya Kiswahili. Jarida likikubali kuichapisha kama nyongeza, vyema. Lisipokubali, ichapishe kwenye karatasi na uibandike katika kliniki ulikokusanyia data, ukimwachia muuguzi nakala. Waliokupa ngozi zao uzitazame na maneno yao uyaandike wana haki ya kujua ulichopata. Na wakisoma wakasema "la, hivyo sivyo nilivyosema", utakuwa umepata mhakiki ambaye hakuna jarida lingeweza kukupa.