"Huenda" mbili zilizopotea njiani

Jumamosi ya Novemba 22, 2014, mtu aliyeketi katika bustani ya Cudell mjini Cleveland, Marekani, alipiga simu ya dharura, 911. Kuna mtu hapa, alieleza, anachomoa bastola na kuwaelekezea watu. Kisha akaongeza mawili: bastola yenyewe huenda ni ya bandia, na mwenye nayo huenda ni mtoto.

Aliyepokea simu siye aliyezungumza na askari. Katika vituo vikubwa ndivyo kazi ilivyogawanywa: mmoja husikiliza huku akiandika kwenye kompyuta, mwingine husoma maandishi yale na kuwaita askari wa doria kwa redio ya upepo. Mgawanyo huo una maana. Mpokeaji anaendelea kumhoji mpigaji, ni wapi hasa, silaha gani, mtu amevaa nini, na gari tayari liko njiani. Ila wa redio hawezi kutangaza asichoandikiwa.

Mpokeaji yule aliandika bastola. "Huenda" zote mbili hakuziandika.

Basi askari wawili wakaenda kumkabili mwanamume mweusi mwenye bastola, wito wa kipaumbele cha juu kabisa. Gari lilikatiza kwenye nyasi likasimama hatua chache tu kutoka kwa Tamir Rice, mvulana wa miaka 12. Hazikutimia sekunde mbili, askari akafyatua risasi. Bastola ilikuwa ya kuchezea. Tamir alifariki siku iliyofuata.

Waliowatetea askari walisema walitenda kwa kadiri walivyoambiwa. Kweli, lakini hapo ndipo ninapokwama. Redio ya upepo husema na pia husikia. Askari angebonyeza kitufe na kuuliza, "Ni mtu mzima?", wa redio angeweza kumuuliza mwenzake aliyepokea simu. Na gari lingesimama mbali kidogo, muda wa kuuliza ungepatikana.

Desemba 2015 jopo la raia lilikataa kumfungulia askari mashtaka. Machi 2017 mpokeaji simu alisimamishwa kazi siku 8. Miezi miwili baadaye aliyefyatua alifukuzwa, si kwa risasi ile, bali kwa taarifa zisizo za kweli alizojaza kwenye fomu ya kuomba kazi ya polisi.