Ngoma Bila Ngoma: Muziki na Mapambo ya Ngaremara

Mwanamume wa Kiturkana akiingia uwanjani kuimba, mara nyingi anayesifiwa ni maksai wake. Hutaja rangi ya ngozi yake, mabaka yake, kengele yake shingoni na namna pembe zake zilivyopinda. Huku akiimba huinua mikono juu ya kichwa na kuipinda vilevile, hata mgeni asiyejua neno moja la Kiturkana akamwona mnyama huyo mbele yake. Pembe zenyewe hazikuachwa zijiotee: tangu maksai alipokuwa ndama, mwenyewe alizielekeza zikue kwa umbo alilolipenda. Mwanamume huyo hupata pia jina kutokana na maksai wake, na wimbo ukawa wake. Wengine huuitikia, lakini kila mtu anajua mwenyewe ni nani.

Desturi hii Waturkana wanayo pamoja na jamaa zao Wakaramojong na Wajie wa Uganda. Imesafiri nao hadi Ngaremara, wadi ya Kaunti ya Isiolo iliyo kando ya barabara kuu ya Isiolo kwenda Archer's Post, Marsabit na Moyale, mamia ya kilomita kutoka Lodwar, makao makuu ya Turkana. Waturkana walianza kufika pande za Isiolo enzi za ukoloni, wengine wakifuata malisho, wengine wakitafuta kazi, na leo ndio wengi Ngaremara. Mlangoni pao pana hifadhi ya wanyama ya Buffalo Springs. Ng'ambo ya mto Ewaso Nyiro wanaishi Wasamburu, kuelekea mashariki ni malisho ya Waborana, na kusini ndiyo njia ya kupandia Meru. Anayependa muziki mahali kama hapa hukua akisikia lugha nne au tano kabla hajaanza shule.

Na hapa mpenda muziki si mtu wa kukaa kitini akatazama.

Edonga, ngoma kuu ya Waturkana, huchezwa bila ngoma ya kuwambwa. Mtu mmoja huanzisha, kundi linamjibu, makofi yanashika mwendo, kisha miguu inaingia. Wanaume huruka wima na kutua kwa pamoja, na kishindo kile cha nyayo juu ya ardhi kavu ndicho kinachofanya kazi ambayo kwingine hufanywa na ngozi na fimbo. Wanawake nao huruka, na safu za shanga shingoni mwao huinuka na kushuka zikigongana. Wengine huvaa njuga miguuni. Ukisimama karibu utasikia kwamba sehemu kubwa ya muziki inatoka kwenye mavazi. Kwa sababu hiyo ni kosa kuyazungumzia mapambo ya Ngaremara kando na nyimbo zake, kama wafanyavyo waandishi wengi wa utalii wanaopiga picha ya shingo na kusahau kurekodi sauti. Mwanamke anayechagua atavaa shanga ngapi siku ya harusi anachagua pia atasikika vipi.

Edonga hupamba moto baada ya mvua, maziwa yanapokuwa mengi na vijana wana nguvu na nafasi, na kwenye harusi. Siku za kawaida muziki wa Ngaremara hupitia kwenye simu.

Kijana mwenye bodaboda hufunga spika ndogo karibu na usukani na kucheza rege kutwa, muziki ambao Kenya nzima imeufanya kama wake. Matatu inayokwenda mjini Isiolo huweza kuanza na benga ya Kimeru, ikaingia bongo fleva ya Tanzania, kisha gengetone, mtindo wa vijana wa mitaa ya Nairobi uliotikisa nchi mwaka 2018 kundi la Ethic lilipotoa wimbo wao «Lamba Lolo». Redio za Isiolo kama Radio Shahidi ya Kanisa Katoliki, Angaaf na Baliti huleta sauti nyingine, zikiwemo za Kiborana. Katika boma lisilo na waya wa umeme, redio na simu huchajiwa kwa sola. Kampuni ya M-KOPA ilipoanza mwaka 2012 kuuza mitambo ya sola kwa malipo madogomadogo ya kila siku kupitia M-Pesa, wafugaji na wakulima wengi wa Kenya waliachana na gharama ya kununua mawe ya redio kila mara. Nyimbo zenyewe kwa miaka mingi zilinunuliwa mjini: unampelekea kijana wa kioski kadi yako ya simu, unamtajia unachotaka, anakujazia. Intaneti imepunguza safari hizo, lakini kwa mwenye simu ya kubonyeza kadi bado ndiyo maktaba yake.

Lililo zuri ni kwamba simu hiyohiyo haichezi tu, inarekodi. Wimbo ulioimbwa harusini Ngaremara huweza kusikika Lodwar au Kakuma kabla wageni hawajamaliza kula. Zamani wimbo mpya ulisafiri kwa mwendo wa mifugo na wachungaji wake, ukibadilishwa kila kituo. Sasa unafika ukiwa na sauti ya mwenyewe, na vijana walio mbali na nyumbani, wakiwa vyuoni au wakilinda mageti Nairobi, wanaitikia wakiwa peke yao chumbani.

Makanisani mambo ni hayohayo kwa namna nyingine. Kwaya huimba kwa Kiturkana na kwa Kiswahili, na mara nyingi kinanda cha betri hulazimika kufuata mwendo wa miguu badala ya miguu kukifuata kinanda.

Ukishuka mjini Isiolo, sikio linapanuka zaidi. Mji huu ulikua na familia za askari wa Kisomali waliopewa makazi hapa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, pamoja na Waborana, Wameru, Waturkana, Wasamburu na wengine. Waborana huzungumza lahaja ya Kioromo, kwa hiyo nyota wao wengine wanatoka Ethiopia. Ali Birra, mzaliwa wa Dire Dawa aliyefariki Novemba 2022, na Hachalu Hundessa, aliyeuawa kwa risasi Addis Ababa mwezi Juni 2020, ni majina yanayofahamika vizuri upande huu wa mpaka. Waborana pia wana hazina ya nyimbo za visima: wanaume husimama kwa ngazi ndani ya kisima kirefu, wakipitishiana ndoo ya maji kutoka mkono hadi mkono, na wimbo ndio unaozuia ndoo isianguke. Wasamburu, jirani wa karibu zaidi wa Ngaremara, huimba kwa sauti zilizopangwa juu ya sauti, morani mmoja akiongoza na wenzake wakinguruma chini kooni. Kijana wa Kiturkana anazijua nyimbo hizi zote, hata pale uhusiano wa jamii hizi ulipoharibiwa na wizi wa mifugo. Risasi zimewahi kulia katika maeneo haya, na njia zimefungwa, lakini nyimbo ziliendelea kuvuka.

Mavazi ya mpenzi huyu wa muziki nayo hayakai upande mmoja. Asubuhi ya siku ya soko utakutana na shuka juu ya jezi ya Arsenal, miguu ikiwa ndani ya akala zilizochongwa kwa matairi makuukuu, na juu kabisa kofia ya kizungu yenye unyoya wa mbuni uliochomekwa pembeni. Unyoya huo una historia. Wazee waliotangulia waliusimamisha kwenye nywele zilizokandikwa udongo na kupakwa rangi. Nywele za udongo zimekuwa adimu, unyoya umehamia kwenye kofia. Mzee hukosi kumwona na ekicholong, kigoda kidogo cha mbao anachokalia mchana na kulazia kichwa usiku. Wasichana hunyoa pembeni na kusuka katikati, na shanga zao, ambazo Waturkana huziita ngakoromwa, hupandishwa safu juu ya safu hadi kidevuni. Mwanamke aliyeolewa alitambulika kwa alagama, pete ya chuma ya shingoni.

Shanga hizi za rangi kali si za kale kama tunavyodhani. Nyingi ni za kioo na hutoka kiwandani Jablonec, katika Jamhuri ya Cheki. Lakini tabia ya kujipamba kwa shanga ni ya hapa kabisa. Kwenye pango la Enkapune ya Muto, karibu na Naivasha, watafiti walipata shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni takriban miaka 40,000 iliyopita, na Waturkana wameendelea kutumia maganda hayo hadi nyakati zetu.

Isiolo ina nafasi yake katika kumbukumbu ya mavazi ya Kenya. Joy Adamson, anayejulikana zaidi kwa simba Elsa, aliishi hapa na mumewe George, aliyekuwa mlinzi mkuu wa wanyamapori wa jimbo la kaskazini. Kuanzia mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimwajiri achore watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya asili. Alichora mamia, Waturkana wakiwemo, na mwaka 1967 akatoa kitabu «The Peoples of Kenya». Picha nyingi ziko chini ya Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Ni kazi ya thamani. Hata hivyo ilifanywa kwa imani kwamba mavazi haya yanakufa, na hapo alikosea. Hayakufa, yalichanganyika. Mwaka 2004 Kenya ilizindua kwa shangwe vazi la taifa lililobuniwa na wataalamu, na wananchi hawakulivaa. Bangili ya shanga yenye rangi za bendera, ambayo hakuna kamati iliyoipitisha, imejaa mikononi mwa wanafunzi, mawaziri na wanariadha. Na Ajuma Nasenyana, binti wa Lodwar aliyegunduliwa kwenye mashindano ya urembo mwaka 2003, alipanda majukwaa ya mitindo ya Ulaya na Marekani kisha akasema wazi kwamba weusi wake hauhitaji krimu ya kuung'arisha. Wasichana wa Ngaremara waliosikia hilo walikuwa na mtu wa kumtolea mfano.

Kipato kikiwa kidogo, mapambo huwa pia riziki. Kilomita chache mbele kwenye barabara hiyohiyo, Archer's Post, wanawake wa Kisamburu wakiongozwa na Rebecca Lolosoli walianzisha kijiji cha Umoja mwaka 1990, wengi wao wakikimbia ukatili, na wakajikimu kwa kuuza shanga na kuwaimbia wageni wanaokwenda mbugani. Dunia nzima imeandika habari zao. Lami ya Isiolo hadi Moyale, zaidi ya kilomita 500, ilipokamilika katikati ya miaka ya 2010, magari yaliongezeka na wauza shanga wa kandokando ya barabara wakapata wateja wapya. Ngaremara imo kwenye njia hiyo, ingawa magari mengi huipita bila kusimama.

Pigo kubwa la miaka ya karibuni halikutoka kwenye simu wala kwenye miziki ya mjini. Lilitoka angani. Kati ya mwaka 2020 na 2023 misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo, ukame mbaya kuliko wowote katika miaka 40, na Kenya ikapoteza zaidi ya mifugo milioni mbili. Mahari ya Kiturkana ni mifugo. Mifugo ikiisha harusi husogezwa mbele, na harusi ikisogezwa, edonga haina pa kuchezewa. Mzee aliyempoteza maksai wake bado anaitwa kwa jina la maksai huyo na bado anaweza kuuimba wimbo wake. Kijana aliyekuwa aanze kumfuga wa kwanza ndiye aliyekosa cha kuimba. Wanaohesabu hasara ya ukame kwa vichwa vya ng'ombe na magunia ya unga wangeongeza safu ya nyimbo ambazo hazikutungwa.

Kuna hasara nyingine ambayo inazuilika. Vikundi vya ngoma kaskazini huitwa kucheza hotelini, kwenye sherehe za kitaifa na kwenye matamasha kama lile la Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, lililoanza mwaka 2008. Shule za mikoa mingine nazo hucheza nyimbo za Kiturkana kwenye mashindano ya muziki na kushinda vikombe. Wachezaji hurekodiwa, video zinapakiwa, na mara nyingi maelezo chini yake husema tu kwamba ni ngoma ya asili. Aliyeanzisha wimbo hana jina. Mshonaji wa shanga naye hana, hata mchoro wake unapoigwa na viwanda vya mbali.

Kenya ina sheria ya jambo hili. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016 inataka jamii iombwe idhini kabla ya kazi yake kutumiwa kibiashara, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka sajili ya kazi hizo. Nyimbo, ngoma na mapambo vyote vimo ndani yake. Vikundi vingi vya akina mama kaskazini mwa Kenya tayari vina cheti cha usajili, mweka hazina na akaunti ya benki, kwa hiyo malipo yakija yana pa kuingia. Kinachotakiwa Isiolo ni ofisi ya utamaduni ya kaunti kufungua sajili hiyo na kwenda wadi kwa wadi na kinasa sauti, ikianza na wazee, kwa kuwa wao ndio wanaokumbuka nani alitunga nini.