Je, Wajua? Bukari na Shaba Zinaendeshwa na Ukoo Mmoja

Je, wajua kwamba unga wa bukari, ugali wa mahindi wa Likasi huko Katanga, usingesagika kirahisi bila badiliko dogo ndani ya jeni moja? Teosinte, nyasi ya Mexico iliyozaa mahindi yapata miaka 9,000 iliyopita, huficha kila punje ndani ya ganda gumu. Jeni iitwayo tga1 ilipobadilika, punje ikatoka nje, na ganda likabaki kama sehemu ya gunzi. Mwaka 2005 watafiti walionyesha kuwa tofauti yenyewe ni asidi-amino moja tu kwenye protini.

Protini hiyo haijengi kitu. Hushika DNA na kuamua jeni zipi zifanye kazi na zipi zinyamaze, kama swichi ya taa. Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya haradali unaopendwa sana maabara, una jeni kama 27,000, na zaidi ya 1,500 kati yake hutengeneza swichi za namna hiyo. Ndizo zinazoamua wapi liote jani, wapi ua.

Swichi ya tga1 ni ya ukoo wa SBP, unaopatikana kwenye mimea na miani ya kijani peke yake. Binadamu hana, mbuzi hana. Ndugu yake mmoja, SPL7, analinda shaba! Madini hayo yakiadimika udongoni, SPL7 huwasha jeni za kuyavuta mizizini, na huzima protini zenye shaba ambazo mmea waweza kuishi bila hizo, ili kidogo kilichopo kiende kwenye usanisinuru. Ni ubahili wa busara.

Kwenye vilima vya shaba vya Katanga shida ni kinyume: shaba imezidi hadi miti ya miombo haioti, imebaki nyasi na maua. Haumaniastrum katangense, mmea wa jamii ya mrehani, unastahimili sumu hiyo, na wanajiolojia na wanaakiolojia wameufuata kutafuta mashapo ya shaba na mahali wahenga walipoyeyushia shaba.

Ndugu mwingine wa ukoo wa SBP yumo shambani kwako. Shika jani la hindi pale linapokutana na shina: utaona kijiutando chembamba. Hicho hutengenezwa kwa amri ya jeni liguleless1. Ikiharibika, kijiutando hakitokei, na majani husimama wima.